Nilipokwenda Kupima Risasi, Wakaniuliza PF3

Dada wa mapokezi alikuwa ameshaandika jina langu na umri wangu kwenye kitabu chake kikubwa. Akauliza nasumbuliwa na nini, macho bado yako kwenye karatasi. Nikamjibu nimekuja kupima risasi. Kalamu ikasimama.

"Risasi? Imekupata wapi, baba?"

"Kwenye damu."

Akanikagua kuanzia kofia hadi makubadhi, hakuona jeraha, akashusha sauti kama mtu anayeongea na mgonjwa aliyechanganyikiwa: "Sasa PF3 ya polisi umekuja nayo?"

Nilicheka mpaka tumbo likanikata, na tumbo ndilo lililonifikisha pale. Sina ugomvi na yule binti. Kinachotoka kwenye bunduki na madini yaliyokitengeneza vyote tunaviita risasi, na madini yenyewe mtu wa kawaida anayaona kwenye chubwi za nyavu na ndani ya betri ya gari, basi. Nani angewaza kwamba yanaweza kumwingia mtu kidogo kidogo, bila mlio, kwa njia ya msasa?

Mimi ni fundi rangi. Nilianza mwaka 1991 Kilosa mjini, nikiwa kijana wa kubeba ngazi na kukoroga makopo, na sijawahi kula kwa kazi nyingine. Siku hizi nusu ya kazi zangu ziko Mikumi, kwenye magesti ya barabara kuu ya Iringa na kwenye hoteli za wageni wanaokuja kuangalia tembo. Reli ya zamani ya kwenda Kidatu inachepuka Kilosa na kupita Mikumi, lakini mimi na ndoo zangu tunapita njia ya gari, kupitia Ulaya. Ndiyo, kwetu Ulaya ni kata, na fundi rangi anakwenda Ulaya na kurudi siku hiyohiyo kwa bodaboda.

Kazi iliyonipeleka mapokezi ilikuwa ya nyumba kongwe, siitaji ni ya nani. Ni zile nyumba za kuta nene, dari ya mbao na milango mizito iliyoanza kupakwa rangi kabla baba zetu hawajaoa. Mwenyewe alitaka milango, madirisha na dari vikwanguliwe mpaka mbao ionekane, kisha vipigwe vanishi. Wiki tano za kazi. Ilikuwa masika, mvua inaingia mpaka chumbani, basi madirisha tukayafunga. Tulikuwa wawili, mimi na kijana wangu wa kazi, tunasaga kwa msasa mkavu kutwa nzima. Rangi ilikuwa koti juu ya koti. Ukiipiga skrepa inabanduka kama ganda la kitunguu: krimu, kijani, kijivu, na chini kabisa nyeupe nzito, laini, iliyong'ang'ania mbao kama nta. Saa nne tunakaa palepale sakafuni tunakunywa chai na maandazi, mikono tumeifuta kwenye suruali. Vumbi lile lilikuwa na utamu wa mbali mdomoni. Nilimwambia kijana, huenda wazee walichanganya asali.

Wiki ya nne tumbo likaanza. Si la kuhara, la kufunga. Siku nne sipati choo, halafu linanishika kamba katikati ya kitovu mpaka nakunja magoti. Mdomoni ladha ya sarafu. Magoti na viwiko vinauma, usiku sipati usingizi, na mke wangu ananiambia nimekuwa mkali hata kwa kuku. Nikatibiwa malaria. Nikatibiwa taifodi. Nikatibiwa vidonda vya tumbo. Kila Mtanzania anaijua safari hiyo, na vituo vyake havibadiliki.

Aliyeikata safari ni mpwa wangu, mtu wa maabara. Nilikuwa nimeenda kwake Morogoro kwa shughuli za kifamilia, akaniona nilivyo, akanitoa damu ya kipimo cha malaria kwa hadubini, kile cha zamani, tone moja kwenye kioo na dawa ya zambarau. Akakaa nacho muda mrefu kuliko kawaida.

"Mjomba, wadudu hamna. Ila chembe zako nyekundu zina vidoadoa vya bluu, kama zimenyunyiziwa."

Kisha akaniuliza swali ambalo katika matibabu yangu yote matatu hakuna aliyeniuliza: "Mwezi huu umefanya kazi gani?"

Nilipomweleza ile nyumba, akashika kichwa. Akanifungua mdomo na kuangalia ufizi kwa tochi ya simu, anatafuta mstari wa bluu nyeusi unaokaa pale jino linapoingia kwenye nyama. Daktari Mwingereza, Henry Burton, aliuelezea mstari huo mwaka 1840, na mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Kwangu hakuuona. Akasema hilo halinisafishi, wengi hawaupati, na hata vile vidoadoa haviapi kwamba ni risasi, maana magonjwa mengine ya damu huvileta pia. Kitakachosema kweli ni kipimo kimoja tu, cha kupima risasi yenyewe ndani ya damu. Ndipo nikaenda kwenye lile dirisha la mapokezi. Baada ya PF3 na kicheko, ikabainika kipimo hawana, na wala hawakuwa wamewahi kuombwa.

Ikabidi mpwa anitoe damu mwenyewe na kuipeleka maabara moja ya binafsi Dar es Salaam, nayo ikaisafirisha. Nilimpa kidole, akakikataa. Kidole cha fundi rangi, alisema, kina rangi kwenye kila mfereji wa ngozi. Ukikichoma, unapima uchafu wa kidole badala ya damu. Kuna kifaa kidogo cha kubeba mkononi kinachopima tone la kidole kwa dakika tatu, na ni kizuri kwa kuchuja watu wengi, lakini likitoka jibu la juu lazima lithibitishwe kwa damu ya mshipa. Akanifunga mpira, akaingia mshipani.

Majibu yalirudi baada ya wiki mbili na nusu: 54.

Nambari hiyo ni mikrogramu kwa desilita. Desilita ni kama theluthi ya chupa ya soda. Mikrogramu ni gramu moja ukiigawa mara milioni. Mtu mzima ana damu ya lita 5 hivi, kwa hiyo risasi yote iliyokuwa inazunguka mwilini mwangu ilikuwa miligramu 2 na kitu. Mimina sukari kidogo kiganjani, bakiza punje chache tu, hizo ndizo zilizonikunja magoti. Shirika la Afya Duniani, WHO, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, linasema mtu akifika 5 tu chanzo kitafutwe na kiondolewe, na linasema wazi kwamba hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama.

Mpwa alinieleza kwa nini punje chache zinatosha. Mwili unaidhani risasi kuwa kalisiamu, ile ya mifupa na meno, unaipokea mlangoni kama mwenyeji. Ikishaingia inakaa kwenye viti vya watu. Inazuia kazi ya kutengeneza damu, ndiyo maana fundi anapauka na kuchoka. Inavuruga mishipa ya fahamu, inabana ile ya tumbo, inapandisha presha, inachosha figo, na kwa wanaume inaharibu mbegu. Ndani ya damu nusu yake huondoka kwa mwezi mmoja hivi. Ungesikia hapo ukashukuru, lakini haiondoki yote kwenda chooni. Nyingine inahamia kwenye mifupa, na huko inakaa miaka na miaka. Zaidi ya asilimia 90 ya risasi iliyo mwilini mwa mtu mzima iko kwenye mifupa. Inarudi kwenye damu taratibu, na kwa kasi zaidi mifupa inapolegea uzeeni au mama anapobeba mimba na kunyonyesha. Kwa hiyo ile 54 ilikuwa inaniambia habari za wiki chache zilizopita. Miaka yangu thelathini na kitu ilikuwa imelala kwenye mapaja.

Daktari wa Dar aliyepelekewa majibu yangu alisema dawa za kuvuta risasi zipo, zina madhara yake, na ukizimeza huku unarudi kwenye vumbi ni kazi bure. Dawa ya kwanza ni kuacha kuivuta. Acha kazi, alisema, rudi tupime baada ya miezi mitatu.

Sasa hapo ndipo nilipokaa nikafikiri. Marekani, sheria yao ya ujenzi ya mwaka 1993 inasema fundi anayefanya kazi ya risasi akifikisha 50 anaondolewa kwenye vumbi, na harudishwi mpaka ashuke chini ya 40, na muda huo, hadi miezi 18, mwajiri anaendelea kumlipa kama kawaida. Mimi nilikuwa 54. Mwajiri wangu alikuwa mwenye nyumba aliyekuwa ananilipa kwa mlango. Nilipomwambia naumwa, alinipa pole ya kweli, akaleta fundi mwingine Jumatatu.

Nikakaa nyumbani. Mke wangu ana genge la mbogamboga, tukaishi kwa genge. Miezi mitatu ilipotimia nikapimwa tena: 33. Nilisherehekea kwa soda. Kisha nikarudi kazini, maana genge lilikuwa limechoka kuliko mimi.

Sasa nieleze kitu kilichonifanya niandike haya. Zile namba zangu mbili, 54 na 33, hazikuandikwa popote isipokuwa kwenye karatasi mbili zilizokuwa ndani ya bahasha kabatini kwangu. Hakuna aliyekuja kuuliza ni nyumba gani, au kama yule fundi wa Jumatatu anaendeleaje. Katika hesabu ya wagonjwa wa wilaya mwaka ule mimi niko mara tatu: malaria, taifodi, vidonda vya tumbo.

Na kumbe suala la kutuhesabu lina umri mkubwa kuliko nyumba nyingi za Kilosa. Mwaka 1921, Shirika la Kazi Duniani, ILO, likiwa na miaka miwili tu tangu lizaliwe, lilipitisha Geneva mkataba wake Namba 13, kuhusu rangi nyeupe ya risasi katika kazi ya upakaji. Ulianza kutumika mwaka 1923. Niliposomewa na mpwa wangu nilimwomba arudie, nikidhani anatunga. Watu wa 1921 walikuwa wanaijua saiti yetu kama vile waliwahi kubeba ngazi. Waliandika juu ya vumbi la kusaga na kukwangua rangi kavu na hatari ya kupuliza kwa bomba. Fundi awe na maji ya kunawa wakati wa kazi na akimaliza, avae ovaroli, na nguo alizokuja nazo zitunzwe mahali zisichafuke. Wakataka kila mgonjwa na kila anayeshukiwa kuwa na sumu ya risasi atolewe taarifa na kuthibitishwa na daktari. Kisha wakaweka kifungu kizima cha takwimu: wapakaji rangi wanaougua kwa risasi wahesabiwe, na wanaokufa nao wahesabiwe.

Kuna mahali nilicheka. Mkataba unakataza ile rangi nyeupe ndani ya majengo, lakini unaacha mlango wazi kwa vituo vya reli na majengo ya viwanda, pale wakubwa watakapoona inahitajika. Vituo vya reli! Mtu wa Kilosa anaposoma hivyo anajua amesahauliwa kwa makusudi. Mji wetu ulikua kwa Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, na treni ya SGR nayo inapita kwetu.

Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa fundi wa zamani hizo, wa majengo na vyuma vya reli. Alichanganya rangi kwa macho, bila kipimo, na haikukosea. Mimi nilimkuta mkono wake wa kulia umeshaanza kuning'inia. Vidole vinashika, kiwiko kinakunja, lakini kifundo cha mkono hakiinuki. Ukimwambia nyoosha, kiganja kinalala chini kama bendera siku isiyo na upepo. Alikuwa anafunga brashi mkononi kwa kamba ya katani na kusukuma kwa bega. Watu walisema kiharusi. Lakini kiharusi kikikamata mkono hivyo kwa kawaida hushuka na mguuni au hupinda uso, naye mguu wake ulikuwa mzima na uso wake mnyoofu. Wengine walisema amerogwa na fundi mwenzake. Vitabu vya udaktari vimelijua tatizo hilo kwa wapakaji rangi karne nyingi. Ramazzini, daktari wa Italia aliyeandika juu ya magonjwa ya mafundi mwaka 1700, aliwaandika wachora picha walivyopauka na kudhoofika kwa rangi zao. Mzee alifariki kwa presha na figo, ndivyo kadi ilivyosema. Sitasema ni risasi. Damu yake haikuwahi kupimwa, kwa hiyo hata mimi niliyemfungia ile kamba kila asubuhi sina cha kuthibitisha.

Wenzetu wa Owino Uhuru, Mombasa, wao walipima. Kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilikuwa pembeni ya mtaa wao, kikafungwa mwaka 2014. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi pale, aligundua mtoto wake mchanga ana risasi kwenye damu, akawashika watu wa mtaa mkono mmoja baada ya mwingine wakapimwe. Mwaka 2020 mahakama ikawapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Rufaa ikaivuruga, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Fikiria wangekwenda mahakamani na malalamiko ya tumbo tu.

Tanzania Bara sheria si mbaya, msinielewe vibaya. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, inamtaka mwajiri ampime mfanyakazi anapoanza kazi, ampime kila baada ya muda, na ampime anapoondoka. OSHA, wakala wa usalama na afya kazini, ndio wasimamizi. Upo na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, unaochangiwa na waajiri, ulioanza kazi mwaka 2015, na magonjwa ya kazini yamo. Kwa anayepaka rangi kwenye kampuni kubwa yenye geti na kadi ya kuingilia, mambo hayo yanaweza kumfikia. Sisi wa kijiweni ni deiwaka. Leo niko kwa mwalimu, kesho kwenye gesti, keshokutwa napaka kaburi. Mwajiri wa kunipima anapoanza kunifahamu jina, kazi imekwisha.

Mafundi vijana huniambia hayo ni ya nyumba kongwe, rangi ya siku hizi haina kitu. Kuna ukweli hapo, na kuna shimo. Mwaka 2009 mtandao wa kimataifa wa IPEN ulipima rangi za dukani za nchi kumi, Tanzania ikiwemo, na makopo ya kwetu yalishughulikiwa na shirika la AGENDA la Dar es Salaam. Rangi za maji zilionekana kuwa na risasi kidogo sana. Za mafuta, tunazopaka milango, mageti na madirisha, nyingi zilivuka sehemu 90 kwa milioni, na kiwango hicho ndicho WHO na UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, wanachotaka kiwe ukomo wa sheria kila nchi. Mara nyingi rangi kali kama njano na nyekundu ndizo zinazoongoza, kwa sababu risasi hutiwa ili ing'ae na isipauke juani. Tangu hapo viwango vimekazwa Afrika Mashariki, na mwenye duka mwaminifu atakuonyesha alama ya ubora ya TBS. Lakini geti lililopakwa njano mwaka 2009 bado limesimama, na fundi atakayelikwangua mwakani pengine bado yuko darasa la saba.

Tena sisi wa miaka ya 1990 tulikuwa na ujinga wetu wa ziada. Mikono tulinawa kwa petroli. Rangi iligandia, tina ilikuwa ghali, petroli ilikuwa kwenye pikipiki ya bosi. Na petroli ya wakati huo ilikuwa ya risasi, aina inayopenya ngozi moja kwa moja. Nchi hizi za kusini mwa Sahara ziliachana nayo mwanzoni mwa 2006.

Halafu maziwa. Hakuna fundi rangi asiyejua kwamba maziwa yanakata sumu. Nimewahi kugombana na bosi mmoja Mikumi kwa sababu ya nusu lita ya mtindi, tukamgomea mpaka saa sita. Mpwa wangu hakuyadharau. Kwa vile risasi inajifanya kalisiamu, aliyeshiba kalisiamu na madini ya chuma tumbo lake hupokea risasi kidogo zaidi, na anayekwenda saiti na njaa hupokea zaidi. Kwa hiyo chai na chakula kabla ya kazi ni jambo la maana. Ila maziwa yanashuka tumboni, na vumbi la msasa liko kwenye mapafu. Hayakutani.

Kuna hesabu aliyonipigia kwenye mfuko wa saruji ambayo ilinigeuza kuliko maneno yote. Chukua rangi kongwe ambayo sehemu moja ya kumi ni risasi. Zile nyeupe za zamani zilifika hadi nusu. Gramu moja ya vumbi lake, kiasi cha kijiko kidogo cha chai kisichojaa, ina mikrogramu 100,000. Ukomo wa hewa ya kazini kwa Wamarekani ni mikrogramu 50 kwa mita ya ujazo. Gramu hiyo ikiruka yote hewani inatosha kufikisha ukomo mita za ujazo 2,000. Chumba cha mita 4 kwa 3 chenye dari ya mita 3 ni mita za ujazo 36. Gawanya mwenyewe: vyumba 55. Sisi kila jioni tulikuwa tunafagia vumbi la kujaza kopo la lita nne, kwa fagio la chelewa, madirisha yamefungwa.

Sasa nafanya tofauti, na sikutumia pesa nyingi. Msasa wa maji badala ya mkavu, na ndoo pembeni, unalowesha, unasugua, unafuta kwa kitambaa. Ni kazi ya tope, inakera, na mwenye nyumba atalalamika sakafu. Moto wa gesi kwenye rangi kongwe sigusi, maana ule moshi ni risasi iliyopata mabawa. Kanga ya mama watoto iliyokuwa inafunikwa puani haizuii kitu, na barakoa nyembamba za hospitali nazo ni urembo. Inatakiwa ile yenye chujio la vumbi laini inayobana uso. Nanawa kwa sabuni kabla ya andazi.

Kilichonichelewesha kujifunza ni nguo. Miaka yote narudi nyumbani na suruali ya saiti, wajukuu wananikumbatia magoti, usiku inaloekwa beseni moja na nguo zao. Mtoto mdogo hupokea risasi anayoimeza mara nne au tano kuliko mtu mzima, na ubongo wake ndio kwanza unajengwa. Siku hizi nguo za kazi ninavulia saiti, zinarudi ndani ya mfuko wa salfeti uliofungwa mdomo, na ninazifua mwenyewe. Majirani walipoona mzee mzima anafua nyuma ya nyumba walidhani tumeachana.

Na nina kauntabuku. Kurasa zake zina mistari niliyoipiga kwa rula ya futi ileile ya kupimia fremu: tarehe, mahali, nilichokwangua, mkavu au maji, muda, mwili unasemaje. Ukurasa mmoja unasomeka hivi: "Ulaya, geti la chuma, njano juu ya kijani, maji, saa 3. Tumbo shwari." Mwingine: "Mikumi, dari ya gesti, rangi ya maji tupu, siku 2. Kiuno (ngazi)." Kiuno hakihusiani, lakini nilipoanza kuandika sikujua ni nini kinahusiana, nikaandika vyote. Nyuma ya daftari nimebandika zile karatasi mbili za maabara. Mganga wa zahanati fulani njiani, niliyemwonyesha kauntabuku siku nilipopeleka kikohozi, aliisoma ukurasa kwa ukurasa huku foleni inanung'unika. Mwisho akaandika kwenye kadi yangu, juu kabisa, kabla ya kikohozi: fundi rangi, miaka 34, risasi.

Kijana wangu wa kazi, yule tuliyekula naye vumbi la asali, hajapimwa; pesa ya kipimo na nauli ya kupeleka damu Dar bado tunaichanga, na wiki hizi tunapaka gesti moja Mikumi, nyuma ya stendi. Ana daftari lake sasa. Juzi jioni alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kalamu sikioni, anatazama fremu ya mlango aliyoimaliza peke yake wakati mimi niko dukani.

"Mjomba, hii ya leo niandike mkavu au maji?"

"Ulifanyaje?"

Akaangalia ndoo. Maji yalikuwa safi.

"Maji yalichelewa kuletwa. Mwanzo nilianza mkavu."

"Kwa muda gani?"

"Nusu saa. Arobaini."

Akalamba ncha ya kalamu, nikampiga kofi la mkono kabla haijafika mdomoni, akacheka, akaandika: mkavu, dakika 40.